Hiki Kitu Umekitoa Wapi?

Jirani yangu ni fundi cherehani, anashonea kwenye kibaraza chake hapa Ngarenaro, Arusha, na kuna usiku waliingia wakang'oa kichwa cha cherehani wakaacha meza na miguu. Kichwa tu. Walijua wanachokitaka. Sasa Jumamosi moja tumetoka sokoni Kilombero na vikapu vyetu tunatafuta usafiri, nikamwona huyo jirani, dada wa watu, kasimama ghafla mbele ya turubai la kijana mmoja, turubai limejaa pasi za umeme, redio, chaja, blenda haina mfuniko, na katikati kuna kichwa cheusi cha cherehani. Akainama, akakigeuza chini juu. Pale chini kulikuwa na herufi mbili za rangi nyekundu ya kucha, alizichora mwenyewe mwaka alioinunua.

"Kaka, hiki umekitoa wapi?"

Kijana wala hakustuka. Akasema nimenunua dada yangu, mi kimenigharimu elfu tisini, nipe laki na ishirini uondoke nacho.

Dada akasema hiki ni changu.

Hapo watu wakaanza kusogea, mmoja akauliza kuna nini, mwingine huko nyuma akajibu "kuna mwizi hapa", na nikaona uso wa yule kijana unabadilika, macho yanatafuta pa kutokea. Sote tunajua hilo neno likirushwa mara ya tatu kinachofuata ni mawe. Aliyeokoa hali ni mama muuza ndizi wa pembeni yake, alisimama katikati na mikono kapanua, anapaza sauti kwamba huyu mtoto anakaa hapa kila siku, namjua, kakinunua mbele yangu kwa chalii aliyekuja na pikipiki, mkimgusa mtanigusa na mimi.

Wakaenda polisi wote wawili. Kichwa cha cherehani kikabaki huko kama kidhibiti. Kijana akalala ndani. Dada akarudi nyumbani mikono mitupu, wakati mali yake ameshaiona na kuishika.

Na yule chalii wa pikipiki?

Hakuna anayemjua.

Waliolia ni wawili

Hii kitu imenikaa kichwani wiki kadhaa sasa. Mwanzoni nilikuwa na hasira ya kawaida tu, ile ya kusema hawa wanaouza vitu vya mtumba barabarani ndio soko la vibaka, wasingekuwepo wao vibaka wangeuza wapi. Na kuna ukweli hapo. Mtu haibi kichwa cha cherehani ili ashone. Anaiba kwa sababu anajua mpaka saa nne asubuhi kitakuwa kimegeuka hela.

Ila kila nikimkumbuka yule kijana hasira inakosa pa kushika. Hakukificha. Alikiweka katikati ya turubai, mchana, kwenye njia ambayo nusu ya mji inapita. Mtu anayejua kauziwa mali ya wizi hafanyi hivyo, au labda anafanya, sijui, lakini mimi nilivyomwona pale sikuona mtu anayeficha kitu.

Sheria iko upande wa dada, na ni sawa iwe hivyo. Mwizi hawezi kukuuzia umiliki ambao hana, kwahiyo hata ungelipa bei kamili kitu kinarudi kwa mwenyewe na hasara ni yako. Alafu kuna Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 311, kupokea mali ya wizi, na pale hausubiriwi ukiri kwamba ulijua. Inatosha ulikuwa na sababu ya kuamini. Sasa elfu tisini kwa kichwa cha cherehani cha mtumba ni sababu ya kuamini? Nimeuliza mafundi, wengine wanasema ni bei ndogo sana, wengine wanasema kwa kitu cha zamani ni bei ya kawaida kabisa.

Ushahidi wote aliokuwa nao yule kijana ulikuwa mdomo wa mama muuza ndizi. Mama angekuwa kaenda msibani siku hiyo, sijui leo tungekuwa tunaongea nini.

Siku zote tumeuliza wewe ni nani

Ukisema tuwapangie utaratibu machinga ili mali za wizi zisipite kwao kila mtu anaitikia, nami nilikuwa naitikia. Mpaka nilipokaa nikafikiria utaratibu gani tumeshawahi kuwapangia.

Mwaka 1983 ilikuja Sheria ya Nguvukazi, na swali lilikuwa unafanya kazi gani, huna kazi inayotambulika urudi kijijini ukalime. Desemba 2018 Magufuli akatoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, elfu ishirini kimoja, kwa yule ambaye mauzo yake hayafiki milioni 4 kwa mwaka, na swali likawa unacho kitambulisho au huna. 2021 likaja zoezi la kuwapanga, vibanda vikavunjwa nchi nzima, hapa Arusha wengi mnakumbuka ilivyokuwa, swali likawa umekaa wapi, hapa panaruhusiwa au hapa ni hifadhi ya barabara. Sasa hivi kuna usajili wa kidijitali.

Sizidharau hizo juhudi. Kile kitambulisho cha elfu ishirini kiliwapa watu wengi pumzi, wakauza bila kukimbizwa, nimeona kwa macho yangu.

Lakini angalia maswali yenyewe. Wewe ni nani, umekaa wapi, umelipa. Hakuna hata mara moja kitu chenyewe kilipoulizwa kimetoka wapi. Yule kijana angeweza kuwa na kitambulisho, akawa kwenye eneo lililoruhusiwa, na ushuru kalipa asubuhi, na bado kichwa cha cherehani cha jirani yangu kingekuwa pale pale katikati ya turubai.

Waliojaribu kuuliza kitu

Nikaanza kutafuta kama kuna mahali wamelikabili hili swali, nikakutana na stori ya San Francisco, Marekani. California ilipitisha sheria 2018 ya kuacha kuwachukulia wachuuzi wa barabarani kama wahalifu, jambo jema kabisa. Ila mtaa wa Mission Street, mtaa wa watu wenye asili ya Amerika ya Kusini, ukajaa vitu vilivyotoka madukani bila kulipiwa, sabuni, dawa, vipodozi, vinauzwa chini. Wachuuzi wa halali wakabanwa, wakaguzi wa jiji wakatishiwa, na Novemba 2023 jiji likapiga marufuku uchuuzi wote kwenye mtaa ule. Wote. Anayeuza alichoiba na anayeuza alichoshona wakaondolewa siku moja, wengine wakapewa sehemu ya ndani ambako wateja hawafiki kama barabarani.

Tunaijua hiyo njia, si ndiyo.

Kilichonivutia ni kilichofuata. Mwaka 2024 seneta wa jimbo anaitwa Scott Wiener akapeleka muswada, akaurudisha tena 2025, na wazo lake ni hili: jiji liandike orodha ya bidhaa zinazoibiwa sana, anayeziuza barabarani awe na kibali na awe na uthibitisho kwamba alizinunua. Chakula cha kupika hakiguswi.

Nikafurahi kwelikweli. Nikasema basi, hii ndiyo, tuchukue tulete Arusha, kila mtu awe na risiti.

Mama wa viatu

Ile furaha iliishia kwa mama mmoja anayeuza viatu vya mtumba, namnunulia siku nyingi. Nikamwelezea kwa moyo wote, mama ikija sheria ya risiti utaionaje. Akaniangalia kwa huruma kidogo, akaokota kiatu kimoja cha mtoto akaniuliza, hiki risiti yake iandikweje?

Akanifundisha kitu ambacho nilikuwa nakiona kila siku bila kukifikiria. Belo linafunguliwa alfajiri. Aliyelinunua ana karatasi, labda, karatasi inayosema belo moja la viatu. Wenzake wanalizunguka wanachagua, huyu anaondoka na pea tano, yule kumi, wanalipa keshi wanakimbia kwenye sehemu zao. Wa daraja la mwisho wanachukua makombo wanazungusha mitaani mpaka Unga Limited na Kijenge. Hakuna karatasi inayogawanyika vipande ishirini.

"Mwanangu, mkileta sheria ya risiti mgambo watakuja kwangu kwanza, kwa sababu mi nakaa sehemu moja na siwezi kukimbia. Huyo mwizi wenu yeye atanunua hiyo risiti."

Hapo ndipo niliporudi nyuma kabisa. Kwa sababu ni kweli, kitabu cha risiti ni karatasi tu, unakinunua dukani unaandika unachotaka. Na nguvu ya kuuliza "hiki umekitoa wapi" ukimpa mtu mwenye kirungu na gari la kubebea mizigo, bila mipaka, umempa ruhusa ya kuchukua chochote kwa yeyote. Wale wenye mitumba, plastiki, mboga, wanaonunua kwa halali kila siku ya Mungu lakini hawana karatasi, ndio watakaolipia.

Siku kadhaa nikawa sina msimamo. Nikimwona dada fundi kakaa kibarazani anashonea mkono nasema lazima kuwe na sheria. Nikimpita mama wa viatu nasema hapana.

"Mi silipi keshi"

Aliyenitoa hapo ni kijana wa simu za mtumba, ana kimeza cha kioo mbele ya duka la mtu. Simu iliniharibikia nikaenda kwake, tukawa tunapiga stori wakati anafungua, nikamuuliza wewe ukiletewa simu ya wizi unajuaje.

Akasema kwanza anabonyeza *#06# zinatoka namba 15, anazituma kwenda 15090, meseji inarudi inasema hiyo ni simu gani. Kama umeshika simu ya kampuni moja na meseji inasema nyingine ujue imechezewa. Hiyo huduma ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ipo toka enzi zile za kuzima simu feki, Juni 2016, wengi wetu tuliitumia wiki ile tukaisahau, yeye anaitumia mpaka leo.

Alafu akasema kitu cha pili, na alikisema kama jambo dogo tu. "Mi silipi keshi. Mtu akileta simu anauza namwambia sawa, nipe namba yako nikutumie."

Nikamuuliza kwanini.

"Kwa sababu jina linatokea. Kibaka ukimwambia nakutumia kwenye simu anasema ngoja nakuja. Harudi."

Yaani niliinuka pale nikiwa na simu mbovu na furaha. Kwa sababu hebu fikiria, laini zetu zote tumezisajili kwa alama za vidole, tulisimama foleni mpaka Januari 2020 wakafunga zoezi. Ukimtumia mtu hela kwa M-Pesa au Airtel Money jina lake linatokea kabla hujathibitisha, na muamala unabaki kwenye kumbukumbu una tarehe, saa na kiasi. Huo ni ushahidi ambao hauandikwi na muuzaji, na hauuzwi dukani kama kitabu cha risiti. Kijana wa turubai angekuwa katuma zile elfu tisini kwa simu, yule chalii wa pikipiki angekuwa na jina polisi jioni ile ile.

Na wala si kitu kipya duniani. Uingereza walikuwa wanaibiwa nyaya za reli na mabati ya madini ya risasi juu ya makanisa, na Sheria ya Wafanyabiashara wa Vyuma Chakavu ya 2013 kule Uingereza na Wales ikasema anayenunua chuma chakavu aandike jina la aliyemuuzia na asimlipe keshi. Basi. Hawakumkimbiza mtu barabarani, walikwenda kwenye ile dakika hela inapobadilisha mkono.

Kuna watu watauliza kwanini muuzaji asipige tu picha kitambulisho cha NIDA cha anayemuuzia. Nami nilifikiria hivyo, na wapo wanaofanya. Siipendi. Namba ya NIDA siku hizi ndiyo inasajili laini na kukopa mikopo, sitaki ikae kwenye simu ya kila mwenye turubai mjini, na tayari tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ambayo ingegombana na hilo. Jina na namba ya simu vinatosha kumpa polisi pa kuanzia.

Kibaka anaweza kutumia laini ya mtu mwingine? Anaweza. Lakini huyo mtu mwingine ana jina, ana mtaa, ana mjumbe wake.

Kwahiyo nataka nini

Nataka orodha fupi. Fupi sana. Simu, kompyuta, televisheni, mitungi ya gesi, vichwa vya cherehani, betri na paneli za sola, vioo na taa za magari, spea za pikipiki. Kila mwenye gari mjini hapa kachonga namba kwenye vioo vyake kwa sababu anajua, hatuhitaji tume ya kutuambia nini kinaibiwa. Nguo, viatu, vyombo, mboga, matunda, chakula, visiguswe kabisa na hilo liandikwe kwenye sheria ndogo yenyewe lisiachwe kwenye hekima ya askari wa jiji.

Kwa vitu vya orodha hiyo, anayenunua kutoka kwa mtu aliyekuja tu na kitu mkononi alipe kwa simu, na kwenye daftari aandike tarehe, kitu na namba yake kama kinayo. Vichwa vya cherehani vingi vina namba imegongwa kwenye chuma, simu zina zile 15, kompyuta ina yake chini.

Na hapa ndipo ninaposimama kwa nguvu zote: yule aliyefanya hivyo asilale ndani. Kitu kikigundulika cha wizi kirudi kwa mwenyewe, na muuzaji mwenye muamala wake aandike maelezo kama shahidi aende nyumbani. Bila hiyo hakuna machinga atakayeandika chochote, kwanini aandike kitu kitakachomfunga? Lazima daftari limlinde yeye kwanza ndipo litulinde sisi. Kwa sasa hivi muuzaji mwaminifu na msiri wa vibaka wakikutwa na mali ya wizi wanapandishwa gari moja, basi yule mwaminifu anajifunza kwamba uaminifu haukumsaidia.

Makato ya kutuma na kutoa hela ni ishu, najua. Anayeuza pasi ya elfu nane hawezi kukatwa makato, kwahiyo pasi ya elfu nane isiwe kwenye orodha. Iwekwe bei, chini ya hapo usisumbue mtu.

Kuhusu nani atalikagua hilo daftari nimebadilisha mawazo mara kadhaa. Mgambo hapana. Nimeishia kwa viongozi wa machinga wenyewe wa kila eneo pamoja na ofisi ya mtaa, maana wao wanajua nani kanunua nini kwa nani, kama yule mama wa ndizi alivyojua. Hofu yangu ni kwamba kiongozi naye anaweza kuwa na ndugu yake kwenye biashara hiyo hiyo. Jibu la hilo sina zuri, zaidi ya kwamba mtu akilalamika polisi waweze kuomba muamala moja kwa moja bila kupitia kwa kiongozi.

Kidhibiti

Kuna sehemu moja ambayo sio ya machinga kabisa na inaniuma kuliko zote.

Dada fundi alipata mali yake na hakuipata. Kichwa cha cherehani kikakaa kituoni kinasubiri upelelezi, alafu kesi, na yeye ana oda za sare za shule. Nimeongea na watu wengi tangu hapo na karibu kila mmoja ana stori ya namna hii, pikipiki inaota kutu uani kituoni, simu imekaa kwenye droo mpaka imepitwa na wakati. Matokeo yake mtu akiiona mali yake barabarani hasemi. Anainunua upya. Nimesikia watu wamenunua vioo vya magari yao wenyewe na wanasimulia kama jambo la kawaida.

Mwenye mali asipotoa taarifa hakuna sheria ndogo ya machinga itakayofanya kazi, hata iandikwe vizuri vipi. Kitu kipigwe picha, namba zake ziandikwe, pande zote zisaini, mwenyewe akichukue kwa dhamana ya kukileta mahakamani kikihitajika. Cherehani haiozi wala haikimbii, itapelekwa. Hili halihitaji bajeti, linahitaji mkuu wa kituo na hakimu wakubaliane.

Halmashauri ya jiji ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo, na najua huwa zinatungwa mezani alafu machinga wanazisikia kwenye kipaza sauti cha gari. Safari hii naomba ianze kwao. Kuna kikao cha viongozi wa wafanyabiashara wadogo wa eneo letu naenda kuliongelea hili, na kabla sijaenda nataka kusikia wale mnaouza vitu vya mtumba, Mbauda, Kilombero, Samunge, Kwa Mrombo, hata nyie wa Tengeru siku za soko. Niambieni kwenye hiyo orodha nini kitoke, na hasa wewe unayezungusha vitu begani huna meza wala pa kuweka daftari, kulipa kwa simu tu bila kuandika kungekutosha, au nako kutakuumiza?